Picha za zamani zinaharibika kwenye chumba chetu cha maonyesho, tuzipige lamineshen au tufunge AC?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasimamia chumba cha picha ndani ya kituo cha utamaduni, mji mmoja wa pwani, naomba nisiutaje. Chumba ni kidogo, kama mita 4 kwa 5, jengo la zamani la mawe na chokaa, dirisha moja linaangalia magharibi. Upande mmoja kuna ukumbi wa harusi na ngoma, upande wa pili mgahawa. Familia ya mpiga picha mmoja marehemu ilituletea picha zake za studio kama 60 hivi, nyingi nyeusi na nyeupe, chache za rangi, za miaka ya 60 mpaka 80. Tuliziweka zote kwenye fremu tukazitundika mwaka juzi. Sasa hivi kuna zilizogeuka njano, kuna ambazo pembeni zimeanza kung'aa rangi ya fedha, mbili zimegandana na kioo, na zile za rangi zimekuwa nyekundunyekundu. Mkurugenzi anasema tuzipige lamineshen halafu tufunge AC, yaishe. Fundi fremu anasema zile zilizoganda tuziloweke maji ya uvuguvugu zitabanduka. Pia kituo kinataka kutoa kalenda ya kuuza kwa watalii kutumia hizo picha. Mimi nimechanganyikiwa, naomba mwongozo."

Marahaba mdogo wangu. La haraka kwanza kabla sijaanza maelezo: msizipige lamineshen, hata moja, na huyo fundi mwambie abaki na maji yake. Hizo mbili zilizoganda ziteremsheni leo, zilazeni mahali pakavu kioo kikiwa upande wa chini, na mtu asizichokonoe kwa kisu wala kwa ukucha. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili tatu, hilo halisubiri.

Sasa tuongee. Naona unachoogopa ni kwamba mmeharibu urithi wa watu ndani ya miaka miwili, na mkurugenzi naye anaogopa aibu mbele ya familia, kwa hiyo anatafuta dawa moja ya kumaliza yote. Ila hapo hamna ugonjwa mmoja, iko minne, kila mmoja na chanzo chake, mwingine mmeuchochea nyie wenyewe na mwingine ungetokea tu hata kama picha zingebaki kwenye kabati la marehemu. Ukiitibu yote kwa dawa moja ndo unamaliza kuharibu.

Picha nyeusi na nyeupe ya enzi zile ni karatasi iliyopakwa gelatini, ileile inayotengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya hiyo gelatini kuna chembe ndogo sana za madini ya fedha ambazo ndo zinafanya weusi unaouona. Basi. Kila kitu kinachoisumbua gelatini au kuisumbua fedha kinaisumbua picha. Gelatini inapenda maji, hewa ikiwa na unyevu inanyonya na kuvimba, hewa ikikauka inasinyaa, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi inaanza kulainika na kunata, na hapohapo kuvu nao wanaanza kuota maana kwao hicho ni chakula. Pwani yetu unaijua, asubuhi za masika unyevu kupita asilimia 80 ni jambo la kawaida kabisa. Sasa chukua picha ibane moja kwa moja kwenye kioo, hakuna hata nafasi ya unene wa kadi, funga nyuma kwa haridibodi, tundika kwenye ukuta wa mawe na chokaa unaovuta maji kutoka chini na nje. Ukuta unapumua unyevu nyuma ya fremu, gelatini inalainika, inashika kioo. Zilizoganda zimeganda kwa sababu hiyo, na nakuhakikishia kuna nyingine zipo njiani, zikague kwa tochi ukiimulika kwa ubavu, ukiona doa linalong'aa kama limelowa na ukisogeza jicho haliondoki basi hapo pameshagusana.

Maji ya uvuguvugu kwa nini hapana? Fundi hajalitoa kichwani, ni kweli picha zilikuwa zinaoshwa kwa maji, ila zile zilikuwa mpya na maji yalikuwa ya baridi, kwenye chumba cha giza, pale picha zinaposafishwa, dawa zilikuwa zinawekwa nyuzi 20 hivi sababu gelatini ikipata joto inayeyuka. Hii yako ina miaka 50. Na kama kuvu wameshapita hapo, hata kama huwaoni, wameshaimeng'enya gelatini kiasi kwamba inayeyuka hata kwenye maji ya kawaida, utaweka picha kwenye beseni na utatoa karatasi nyeupe. Zile zilizopakwa rangi kwa mkono, midomo na kanga zimewekwa wekundu kwa brashi, hizo ndo usijaribu kabisa, rangi inaweza kuondoka na maji palepale.

Unjano nao ni mambo mawili. Ukiona njano au hudhurungi imetanda picha nzima au mabaka mabaka na weusi unapauka, mara nyingi ni dawa ya kufiksia, ile ya kuizuia picha isiendelee kubadilika ikipata mwanga, iliyobaki kwenye karatasi tangu siku ile picha inachapishwa, studio ilikuwa na foleni ya watu wanataka picha za pasipoti, maji ya bomba yanakatika, picha ikaoshwa dakika mbili badala ya nusu saa. Dawa iliyobaki ina salfa, salfa inaishambulia fedha taratibu, unyevu na joto vinaongeza kasi tu. Hilo si kosa lenu. Njano ya aina ya pili ni ile iliyokaa kama mstari au kama umbo la kitu, ukiitoa picha kwenye fremu unakuta inafuata selotepu, au inafuata mkanda wa kadibodi ya nyuma. Hiyo ni asidi ya kadibodi na gundi, na hiyo sasa ni yenu, samahani.

Ule ung'aavu wa fedha pembeni, watu wengi wanaumia roho wakiuona, wengine wanaufuta kwa kitambaa. Usifute. Ni fedha yenyewe, imepata hewa chafu ikageuka kuwa kitu kinachoweza kutembea, ikapanda mpaka juu ya gelatini, ikatulia pale ikawa fedha tena. Huwa inaanzia pembeni kwa sababu ndo hewa inapoingilia. Wachokozi ni moshi wa magari, jenereta, mvuke wa rangi ya mafuta, mbao mpya, plaiwudi na haridibodi zinazotoa asidi kidogo kidogo. Kwa hiyo nakuuliza: kabla ya kutundika mlipaka chumba rangi? Rangi ya mafuta? Mlitundika baada ya siku ngapi? Najua jibu maana vituo vingi ndo vinafanya hivyo, uzinduzi Jumamosi, rangi Alhamisi. Siku nyingine pakeni rangi ya maji na mwache chumba wazi wiki nne hivi kabla picha haijaingia.

Kuna kundi jingine la nyeusi na nyeupe ambalo linastahili jicho lako. Ishike picha pembeni, kama karatasi yake inahisi ya plastiki na haijikunji, hiyo ni ile karatasi iliyopakwa plastiki ambayo ilianza kushika soko miaka ya 70. Za mwanzo zina tabia mbaya, zikiwekwa kwenye fremu iliyofungwa vizuri na zikapata mwanga, ile rangi nyeupe iliyo ndani ya plastiki inazalisha kemikali inayoila fedha, zinatokea vidoa vya rangi ya chungwa au wekundu ndani ya miaka michache. Yani fremu nzuri ndo inaiua. Hizo zitoe kwenye fremu kwanza.

Na za rangi? Hapa nikutoe hatia kabisa. Picha ya rangi ya miaka ya 70 haina fedha, imebaki na rangi tatu tu, ya bluu-kijani, ya waridi na ya njano. Kwenye karatasi nyingi za wakati ule ile ya bluu-kijani inakufa yenyewe hata gizani, joto na unyevu vinaiharakisha, ikiondoka vinabaki waridi na njano ndo unaona kila mtu amekuwa mwekundu. Nenda kwa familia yoyote uombe albamu ya harusi ya mwaka 1978, utakuta hivohivo na haikuwahi kuona jua. Haitarudi kwenye karatasi. Inarudi kwenye kompyuta, ukiiskani vizuri unaweza kurekebisha rangi ikakaribia, ila fanya mapema kabla ile ya bluu haijaisha kabisa maana kisichokuwepo skana haikitoi.

Sasa dirisha. Uharibifu wa mwanga ni kama bando, ukishatumia halirudi, na hakuna kulipumzisha likajaa. Giza la usiku haliponyi picha. Kinachohesabika ni ukali wa mwanga mara saa. Makumbusho kwa picha nyeti wanatumia lux 50 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga), nyeusi na nyeupe zilizo salama wanaruhusu 100 hivi. Jua la moja kwa moja mchana linaweza kufika lux laki moja. Fanya hesabu: saa moja ya jua hilo ni sawa na saa 2,000 za lux 50, ukifungua chumba saa 8 kwa siku hizo ni siku 250. Saa moja! Na dirisha lako la magharibi linapitisha jua la alasiri, labda si laki moja, hata ikiwa nusu yake, kila siku, ukutani, juu ya kitu cha miaka 50. Pazia zito la rangi nyepesi au shata za mbao zifungwe, na taa ziwe za LED ambazo karibu hazina ile miale ya urujuanimno (UV), kisha zisielekezwe karibu. Kuna programu za simu zinazopima lux, si sahihi sana ila zinatosha kukuambia kama ukuta una 80 au 800.

Nakuja kwa mkurugenzi. Lamineshen ni plastiki yenye gundi inayokandamizwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 100. Umeshasikia gelatini inavyofanya kwenye joto. Tuseme hata imepona pale kwenye mashine, umeshafungia ndani unyevu wote, kuvu wote na dawa yote ya kufiksia, na hakuna mtu duniani atakayeitoa bila kuchana uso wa picha. Kibaya zaidi mwaka wa kwanza inapendeza, kwa hiyo mtajisifu. Mkitaka kupiga lamineshen, pigeni nakala za kuwapa watoto wa shule wanaokuja na mikono ya chapati, hiyo naunga mkono mia kwa mia.

AC ni ngumu zaidi kuijibu kwa sababu mkurugenzi hajakosea kabisa. AC inayofanya kazi saa 24, ya ukubwa unaoendana na chumba, inapunguza joto na unyevu kweli. Tatizo mtaiwasha saa 3 asubuhi mtaizima saa 11 jioni, sababu bili ya umeme ni ya kituo kizima na mlinzi ameambiwa azime kila kitu. Mchana kuta na vioo vinapoa, jioni inazimwa, mlango wa ukumbini unafunguliwa kwa ajili ya harusi, hewa ya joto yenye maji inaingia inakutana na kioo cha baridi, na kwenye kioo hicho unyevu unapanda juu kuliko chumba kingine chote. Gelatini inavimba usiku inasinyaa mchana, kila siku, mpaka inapasuka. Na ukifunga AC kubwa kupita chumba, mita 4 kwa 5 wakufungie ile ya ukumbi, inapooza kwa dakika tano inajizima, hewa inakuwa baridi lakini maji hayajatolewa, na hewa baridi yenye maji yaleyale unyevu wake unasoma juu zaidi. Mtakuwa na chumba cha baridi chenye kuvu. Bora feni ya dari inayozunguka polepole muda wote na dirisha linalofunguliwa mchana wa siku kavu, kuliko AC ya kuwasha na kuzima. Umeme ukikatika siku tatu ndo usiseme, mpango wowote unaotegemea mashine peke yake kwa mazingira yetu mimi siuamini.

Na hapo ndo tunafika kwenye kitu ambacho hukukiuliza. Chumba chako hakina hali ya hewa yake, kinakopa ya jengo. Ngoma ikipigwa ukumbini ukuta unatetemeka na fremu inayoning'inia kwenye msumari mmoja inatembea. Mgahawa unaleta mvuke wa sufuria, mafuta, na mende, na mende wanakula gelatini vizuri tu, pamoja na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Choo cha ghorofani kiko juu ya chumba gani? Bomba linapita wapi? Funguo anazo nani, na siku ya harusi chumba chako kinageuka stoo ya viti? Kuwa ndani ya kituo kikubwa kuna raha yake, watu wanapita wakielekea kula au kucheza ngoma wanaingia bila kukusudia, chumba cha peke yake mtaani kingekaa kitupu. Ila maamuzi yanayoua picha yanafanyika nje ya mlango wako, kwa hiyo nusu ya kazi ya uhifadhi kwako ni kuongea na jirani wa mgahawa na yule wa ratiba ya ukumbi.

Ushauri wangu basi, na hapa nasimama: msitundike picha halisi. Tundikeni nakala nzuri, halisi zikae kwenye boksi.

Najua utaniambia wageni wataona ni feki. Hebu fikiria Seydou Keïta, mpiga picha wa studio wa Mali. Kule Bamako alikuwa anawapiga picha wateja wake kwa kamera kubwa ya negativu (ile filamu ambayo picha inachapishwa kutoka kwake) za sentimita 13 kwa 18, na mteja anaondoka na picha ya ukubwa huohuo, kitu cha kushika mkononi na kutuma kijijini. Zile picha kubwa zilizomfanya ajulikane Paris mwaka 1994 zilichapishwa upya kutoka kwenye negativu zake. Andikeni tu chini ya kila moja kwamba ni nakala, imechapishwa mwaka fulani kutoka kwenye picha ya mwaka fulani, na ukubwa wa ile halisi. Mtu akijua haoni ametapeliwa.

Ila nakubali kuna kinachopotea. Picha halisi ya studio ina ule udogo wake, ina ukingo uliokatwa kwa mkasi wa meno, nyuma ina muhuri wa studio na maandishi ya kalamu, "kwa dada yangu mpenzi, usinisahau". Kwa hiyo weka meza moja yenye droo au kikasha chenye kifuniko cha kitambaa ambacho mgeni anakifunua mwenyewe, ndani yake halisi tatu tu, badilisha kila baada ya miezi mitatu. Tatu kati ya 60 kwa miezi mitatu maana yake kila picha inaona mwanga mara moja kila miaka mitano. Hapo udogo wa chumba unakusaidia, makumbusho yenye kumbi kumi hayawezi kubadilisha kirahisi hivyo, na wenyeji watarudi kuona mpya. Vivyo hivyo ukutani, kwani lazima zote 60? Kwenye mita 4 kwa 5 nakala 15 mpaka 18 zinapumua, katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, zibadilike mara mbili kwa mwaka.

Kuzitoa kwenye fremu fanya mchana wa siku kavu, asubuhi hewa imelowa. Mikono safi mikavu, shika pembeni, zikisuasua acha. Kila moja iskaniwe mbele na nyuma, dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), kwenye faili la TIFF lisilopunguza ubora na si JPEG tu, kabla hujarekebisha chochote, na zile mbili zilizoganda ziskaniwe zikiwa na kioo chake. Kisha faili ziwe sehemu tatu, na mojawapo iwe nje kabisa ya jengo. Tuliona Beit al Ajaib ya Unguja Desemba 25 mwaka 2020, jengo la karne na zaidi, sehemu yake ikaanguka mchana. Jengo kuwa kubwa na maarufu si kinga.

Nakala kama mfuko unaruhusu chapisheni kwa wino wa pigimenti kwenye karatasi ya pamba, inadumu sana. Hela ikiwa haipo, lab ya kawaida ya mjini inatosha, ikififia baada ya miaka unachapisha nyingine, ndo uzuri wa nakala. Hata hizo wekeni kadi yenye dirisha kati ya picha na kioo, nyuma ya fremu gundisha vipande vya kizibo pembe nne ili hewa ipite kati yake na ukuta, na ukuta wa nje wenye unyevu uachieni maelezo ya maandishi.

Halisi kila moja iingie kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au mfuko wa plastiki ya polyester au polipropilini. Usitumie ile plastiki laini inayonuka kama koti jipya la mvua, hiyo ni PVC, inatoa kemikali na inaganda. Wala zile albamu za kurasa zenye gundi. Boksi likae kabati la chuma, chumba cha ndani, juu ya sakafu walau sentimita 15, si chini ya bomba. Ukipata kontena la plastiki lenye mpira wa kufunga hewa weka na silika jeli (zile punje zinazonyonya unyevu) ndani pamoja na kipima unyevu kidogo, lengo chini ya asilimia 50, ikipanda unaikausha silika au unabadilisha. Lakini hakikisha picha zenyewe zimekauka kwanza, ukifungia unyevu ndani umetengeneza shamba la kuvu. Kuna watakaokuambia uweke kwenye friji. Inafanya kazi mahali ambapo umeme haukatiki, kwako sikushauri.

Kuhusu kalenda, punguzeni mwendo. Kuna vitu vitatu hapo na watu wanavichanganya: karatasi ni ya nani, hakimiliki ni ya nani, na aliyepigwa picha ana neno gani. Familia kuwaletea picha haina maana wamewapa haki ya kuzichapisha na kuziuza. Je waliwapa au waliwaazima? Kuna karatasi yoyote? Kama hakuna andikeni sasa, idadi, hali ya kila picha, muda, nani anaruhusu nakala, na mapato yanagawanywaje, wasaini warithi na si yule mtoto mmoja aliyeleta boksi. Keïta alipofariki mwaka 2001 picha zake zikaingia kwenye ugomvi wa nani mwenye haki, na yeye alikuwa maarufu dunia nzima. Kama mko Tanzania bara nendeni COSOTA, kama mko Zanzibar COSOZA, ndo wanaoshughulikia hakimiliki, muulizie hasa picha za umri huo, maana sheria za pande mbili si moja.

La tatu ndo zito zaidi kwa pwani. Studio za aina hiyo, iwe ya Parekh pale Mombasa au Capital Art Studio ya akina Oza Mji Mkongwe iliyoanza mwaka 1930, mteja alikuwa anakuja kupiga picha yake ya nyumbani. Bibi harusi kafungua nywele, kajitanda kanga, picha hiyo ilikuwa ya kuonwa na mume na mashoga zake. Leo mjukuu anaikuta kwenye kalenda ya Januari kwenye kaunta ya hoteli, utamwambia nini? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila hata bila sheria hiyo ni heshima tu. Weka daftari chumbani, wenyeji waandike "huyu ni fulani, mtaa fulani", waite wazee siku moja mnywe kahawa mpitie nakala, waliotambuliwa waombwe wao au watoto wao. Picha ya mwanamke ambayo inaonekana wazi ilikuwa ya ndani na hajajulikana ni nani, mimi nisingeiuza. Kwa kalenda kuna picha za mitaa, maduka, timu za mpira, baiskeli, zinatosha miezi 12.

Kwa mkurugenzi usiende na "AC hapana", ataona unapinga. Nenda na bei. Ile hela ya AC na bili zake igawe kwenye skana ya meza, boksi na bahasha, pazia, vipima unyevu viwili, na nakala 15. Na muombe mambo matatu kwa maandishi: funguo zako, ratiba ya ukumbi mapema, na ruhusa ya kuteremsha picha yoyote bila kusubiri kikao. Hilo la mwisho ni la maana kuliko vifaa vyote, bati likivuja usiku wa masika hakuna muda wa kikao.

Mtaalamu wa kuzigusa kwa mikono yake mnamhitaji kwa mambo machache, lakini hayo msijaribu wenyewe. Zile mbili kwenye kioo. Picha yenye kuvu wabichi, wenye manyoya, ukigusa wanapakaa, hiyo iingize mfuko wa peke yake na uvae barakoa, mwenye pumu asikaribie. Picha zilizolowa kwa bati au bomba, ambazo mna kama siku mbili tu kabla kuvu hawajaanza. Anzieni Makumbusho ya Taifa pale Dar, au Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani, piga picha kwa simu pande zote, wapelekee waone kabla hamjasafirisha.

Halafu swali langu kwako, muhimu kuliko yote: negativu ziko wapi? Mpiga picha wa studio miaka 20 hawezi kuwa na picha 60 tu. Waulize familia kwa upole, kuna bati la biskuti au sanduku la chuma mahali. Mkilipata fungueni nje penye hewa, mkisikia harufu kali ya siki ujue plastiki yake imeanza kuoza na inaambukiza nyingine, zitengeni na mziskani hizo kabla ya hata hizi za ukutani. Na zikiwa za kabla ya miaka ya 50 zisiingizwe kwenye jengo kwanza, za wakati huo kuna aina zinazoshika moto vibaya. Niandikie mtakachokuta.